Singe ya babu na grenda la ami

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mjukuu wa mzee mmoja aliyekuwa Keya, askari Mwafrika wa jeshi la Waingereza. Babu alifariki 2003, na kasha lake limekaa chumbani kwa nyanya, hapa Kisauni, miaka yote bila kufunguliwa. Masika ya mwaka huu paa likavuja, maji yakaingia kashani, ikabidi tulifungue tuanike nguo. Chini kabisa, chini ya kanzu na stakabadhi za shamba, tukakuta kitu kirefu kimeviringishwa katika kikoi kilichoganda mafuta ya nazi. Nyanya alipokiona akageuza uso. Akasema, "Hiyo ni singe yake. Kaitupeni baharini." Tangu siku hiyo hataki kuizungumzia.

Singe hiyo, yaani kisu cha kuchomekwa mdomoni mwa bunduki, nimeipima kwa futi ya cherehani. Bapa ni sentimita 43, na pamoja na mpini yafika kama 55. Ina mfereji pande zote mbili. Mpini ni wa mbao, umekazwa kwa skrubu mbili, na kwenye kitako cha chuma kuna kitundu kinachotokea upande wa pili. Kikingio cha mkono kimenyooka, na upande mmoja kina pete. Karibu na mpini kumechapwa taji, chini yake G R, kisha 1907, kisha 5 na 17, halafu WILKINSON. Upande wa pili kuna alama kama mguu wa kuku, herufi X, na vialama vingine vidogo nisivyoweza kuvisoma kwa kutu. Kwenye mbao mtu amechonga kwa kisu herufi M na mistari saba mifupi. Ala yake ni ya ngozi. Ukiishika yakuachia unga mwekundu mkononi.

Sasa nyumba imegawanyika. Ami yangu ataka kuipeleka kwa fundi wa jua kali ipigwe grenda na msasa mpaka ing'are, mpini upakwe vanishi ("hiyo mikwaruzo yaharibu sura"), kisha itundikwe sebuleni, mkabala na dirisha la baharini, kabla ya Idi. Binamu yangu wa nyumba kubwa asema kwa kuwa imeandikwa 1907, haikuwa ya babu ila ya baba yake babu aliyepigana na Wadachi, yaani Wajerumani, kwa hiyo ni haki yao. Kaka yangu aogopa polisi. Na kuna bwana wa vitu vya kale Mji wa Kale, nilimwonyesha picha, asema atainunua leo leo. Babu alituambia alipigana Bama (Burma), basi, hakuongeza. Nifanyeje?

Mjukuu, Kisauni

* * *

Marahaba mpwa wangu.

Kabla hujasoma mstari wa pili, mpigie ami yako simu umwombe fundi asubiri. Mengine yote uliyoniandikia yaweza kungoja hata mwezi. Grenda haliwezi, kwa sababu likishapita ile taji na ile 5 na 17 zaondoka pamoja na kutu, na hakuna fundi wa kuzirudisha. Nimewahi kuletewa jambia la mzee wa watu limeng'arishwa kama kijiko cha hoteli. Nililigeuza na kuligeuza, sikupata hata alama moja ya kumwambia mwenyewe lilitoka wapi.

Sasa tukisome chuma chenyewe, maana umenipimia vizuri kuliko wengi wanaoniandikia.

Binamu yako amekosea mahali ambapo karibu kila mtu hukosea. 1907 si mwaka wa kutengenezwa. Ni jina la muundo: singe ya mtindo wa 1907, ya bunduki fupi ya Waingereza ya Lee-Enfield. Bunduki ile ilipofupishwa mtutu, wakubwa wa jeshi wakaona askari wao atazidiwa urefu wa mkono na adui wakifika kuchomana, basi wakarefusha singe. Waliiga ile ya Wajapani ya bunduki ya Arisaka, wakaifanya inchi 17, ndizo hizo sentimita 43 zako. Tarehe ya kuzaliwa kwake ndiyo hiyo 5 na 17: Mei 1917. Wilkinson ni kiwanda cha London kilichokuwa kikifua panga za maofisa. Hao hao waliuza pia nyembe, na huenda babu alinyolea ndevu zake kwa jina lile lile lililoko kwenye singe yake. G R na taji ni mfalme, Joji wa Tano.

Kitundu cha kwenye kitako chakubaliana na tarehe hiyo. Kilianza kutobolewa 1916 ili matope na mafuta yaliyojaa ndani yapate pa kutokea. Kikingio kilichonyooka nacho chakubali: singe za mwanzo za mtindo huu zilikuwa na ndoana chini ya kikingio, ikaachwa 1913. Huo "mguu wa kuku" (umenichekesha, lakini ndivyo ulivyo hasa) ni mshale, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. X ni ushahidi kwamba bapa lilipindwa kwa makusudi kiwandani kujaribiwa, likarudi lilivyokuwa. Vialama vyenye taji ni mihuri ya wakaguzi.

Je, chuma cha 1917 chaweza kufika Bama? Chaweza. Singe hizi zilitumika vita vyote viwili. Haikuwa kitu cha kutupwa vita vikiisha. Ilirudishwa ghalani, ikapakwa mafuta, ikangoja kijana mwingine. Kwa hiyo Mei 1917 haimpi binamu yako ushindi, wala haikupi wewe. Keya waliokuwa wakimfukuza Mdachi hadi Novemba 1918 waweza kuwa waliishika, na Keya waliopanda meli Kilindini robo karne baadaye waweza kuwa waliishika vile vile. Na kuna njia ya tatu ambayo hakuna wa kwenu aliyeitaja: mzee aliipata baada ya vita, kwa kununua au kwa kupewa. Silaha ya serikali askari hakupewa aende nayo kwao. Usilichukue hilo kama tusi kwa marehemu. Nasema tu chuma peke yake hakiwezi kukujibu swali lako, mpaka upate karatasi au mdomo wa mtu.

Karatasi rudi ukazitafute katika lile kasha. Umesema stakabadhi za shamba. Je, umezifunua moja moja? Wazee walikuwa wakikunja cheti cha kuachiwa jeshini katikati ya karatasi za ardhi kwa sababu zote zilikuwa karatasi za serikali. Cheti kitakupa namba yake, kikosi na miaka. Tazama pia kama kuna medali. Za vita vya kwanza kwa kawaida huwa na namba na jina la askari pembezoni. Za vita vya pili Waingereza walizitoa bila jina, lakini nyota ya shaba yenye ncha sita mara nyingi imeandikwa yenyewe alikopigana, na ikiwa ni ya Bama neno hilo utalisoma hapo hapo, THE BURMA STAR.

Kama alikwenda Bama na Keya, basi yaelekea alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walipelekwa kwanza Ceylon (Sri Lanka ya leo) 1943, na mwaka uliofuata wakaingia bonde la Kabaw katikati ya mvua, kwa miguu, tope la magoti, wakafika Kalewa Desemba 1944. Njia ya kwenda huko ilikuwa kaburi kwa wengi. Tarehe 5 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iling'oa nanga hapa Kilindini na msafara wake kuelekea Colombo. Siku saba baadaye manowari ya Wajapani ikaipiga karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache na watu wapatao 1,300, wakiwamo vijana wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nimeitaja kwa sababu wazee wa Mombasa wa rika lile, hata wasiokuwa jeshini, huenda walikuwa na jina la mtu mmoja aliyekwenda na meli ile. Ni swali jema la kumfungulia mtu mzima mazungumzo.

Nije kwenye kutu, ambayo yataka haraka lakini haitaki nguvu.

Utaona rangi mbili. Ile nyeusi au ya kahawia iliyolala, ambayo ukipitisha kitambaa kikavu haiachi kitu, hiyo iache. Imekuwa ngozi ya chuma, na yazuia kuliko inavyodhuru. Ile ya rangi ya machungwa inayotoka unga ndiyo inayokula, nayo nadhani utaikuta karibu na mpini na popote palipogusana na ala. Vaa glavu, kwa sababu jasho la mikono lina chumvi na alama za vidole hutokea kama kutu baada ya wiki. Ondoa kwanza yale mafuta ya nazi yaliyoganda. Babu alifanya alichoweza, na huenda mafuta yale ndiyo yaliyoiponya miaka yote hii, lakini yakizeeka huchacha na kunata vumbi. Tumia kitambaa cha pamba na tapentaini kidogo ya kuchanganyia rangi, kwenye chuma tu, mlango wazi na mbali na jiko. Kisha mafuta mepesi ya cherehani. Tia matone, yaache yalale usiku mzima, halafu fuata kutu ya machungwa kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, polepole, ukifuta kila mara. Kinachogoma, kiache. Stilwulu ya kusugulia sufuria ni marufuku. Ndimu na majivu, ambavyo najua kuna shangazi atakayekushauri kwa sababu ndivyo anavyosugulia sinia zake za shaba, ni marufuku pia: asidi ya ndimu haichagui, hula kutu na herufi pamoja. Ile dawa ya mkebe ya kupuliza kwenye bawaba hufukuza maji, lakini hukauka upesi; usiitegemee.

Usifungue zile skrubu mbili. Zimekaa miaka mia na zaidi, na bisibisi ikiteleza mara moja yaacha mkwaruzo usiokuwa wa babu. Mbao ifute kwa kitambaa kikavu, ukiona uchafu umeganda kilowanishe kidogo sana, basi. Vanishi hapana.

Ala yako ni mgonjwa zaidi ya singe. Huo unga mwekundu ni ngozi yenyewe inayooza kwa asidi, na hauponyeki kwa kupaka kiwi ya viatu wala mafuta. Utaifanya nyeusi na laini siku mbili, kisha itakatika. Isiguswe mara kwa mara. Ilaze juu ya karatasi nyeupe, mkono wako uwe chini yake yote unapoihamisha. Na jambo ambalo watu wengi huona ajabu: usirudishe singe ndani ya ala. Najua ndivyo vilivyoumbwa pamoja. Lakini ngozi hunyonya unyevu wa pwani na kuushikilia, pamoja na asidi yake, juu ya chuma. Ndiyo maana nilikwambia mapema utaikuta kutu hapo. Viweke kando kwa kando.

Kuhusu pa kuweka, ami asahau ukuta mkabala na dirisha la baharini. Kusi ikivuma, upepo huingia na chumvi, na hata feni na friji zetu hujua habari hiyo. Nunua boksi la plastiki la chakula lenye mpira wa kubana kifunikoni, refu la kutosha. Ndani tandika karatasi nyeupe safi, si gazeti, maana gazeti lina asidi. Weka vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Vile vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu mara nyingi vimeshashiba. Afadhali ununue chembe zenye rangi, zile zinazobadilika zikijaa maji, ukazikaushe kwenye oveni na kuzirudisha. Singe ipakwe utando mwembamba wa mafuta ya cherehani, mwembamba kiasi kwamba ukigusa kwa karatasi haiachi doa kubwa. Ifungue kila miezi mitatu uitazame. Chumba cha katikati cha nyumba, chini ya kitanda juu ya mbao, ni bora kuliko sebule. Kama ami ataka kitu cha kutundika kabla ya Idi, piga picha nzuri, taa ikimulika ubavuni ili herufi zisimame, mwitengenezee fremu. Picha hizo utazihitaji hata hivyo.

Kaka yako ana haki ya kuogopa kidogo. Mimi si wakili. Singe bila bunduki haipigi risasi, lakini ni silaha ya kuchomea, na Kanuni ya Adhabu yatambua kosa la mtu kukutwa amejihami katika hali inayoonyesha nia mbaya. Kulala kwake ndani ya boksi nyumbani na kutembea nayo mjini ni mambo mawili. Usiitie katika begi ukapanda matatu, na usithubutu kuivukisha feri. Ukitaka uhakika, nenda kituo cha polisi na picha na mtu mzima wa nyumba, au muulize wakili. Lakini jambo moja halina mjadala: ikiwa katika lile kasha mtakuta risasi, hata moja, hata imeota kutu, au kitu cha mviringo cha chuma msichokijua, msikiguse wala msikihamishe. Tokeni chumbani muite polisi.

Kwa jicho la pili, nenda Fort Jesus na picha, si na singe, ukaombe kuonana na watu wa uhifadhi. Wao walishughulikia mbao na vyuma vya Santo António de Tanna, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome 1697. Kutu ya bahari hawafundishwi. Watakwambia kama wataka kuiona na namna ya kuileta.

Yule bwana wa Mji wa Kale mwambie bado. Sina neno naye. Sheria yetu ya Makumbusho na Turathi ya 2006 huhesabu kuwa mambo-kale vitu vya kabla ya 1895, na yako ni ya 1917, kwa hiyo sikuzuii kuuza kwa kigezo hicho. Nakuzuia kwa hesabu ya sokoni. Singe za 1907 zilitengenezwa kwa wingi mno, na ukiiuza leo bila karatasi utalipwa bei ya chuma cha kawaida cha Mzungu. Naye ataiuza kesho kwa mgeni pamoja na hadithi ya Keya wa Mombasa, hadithi ambayo ni yenu na hamjaiandika bado.

Nimemwacha nyanya mwisho, na si kwa kumdharau. Umeniandikia kwamba aligeuza uso, ukaendelea na sentimita. Mtu aliyelala chumba kimoja na kasha lile tangu 2003 alijua kilichomo. Kama angetaka kitu kile kiende baharini, miaka yote hiyo daraja la Nyali lilikuwa pale pale. Basi leo hii ondoeni singe chumbani kwake, mumwambie mmeiondoa, na msibishane naye. Zipite siku mbili tatu. Kisha nenda alasiri, baada ya kahawa, peke yako bila ami na binamu, ukae chini. Usimuulize habari za kuua. Muulize babu alikuwa akimwita nani usingizini, au nani hakurudi na meli, au M ni nani.

Maana hiyo M na ile mistari saba, ambayo ami yako aiita mikwaruzo, ndiyo sehemu pekee ya singe nzima ambayo haikutoka kiwandani. Binamu atakwambia ni watu saba waliouawa. Watu hupenda sana hesabu hiyo. Yaweza kuwa miezi saba. Yaweza kuwa rafiki saba wa hema moja, na M si herufi ya jina la babu hata kidogo. Hukuniambia babu akiitwa nani. Nyanya ana tisini na ngapi sasa?

Mjomba